Mashine ya boti inazimika ziwani, ukikamua pampu ya mkono inarudi: iacheni kabureta, anzeni kwenye tenki

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina boti ya faiba ya mita 7 hapa Matema, Ziwa Nyasa, mashine ni Yamaha ya farasi 15, tu-stroki. Inawaka mara moja, na ufukweni haina shida yoyote. Nikishatembea kama dakika kumi kwa mafuta yote (mwendo wa mwisho) inaanza kupungua nguvu, inamisi, halafu inazimika taratibu. Nikikamua ile pampu ya mkono inarudi, natembea kidogo, inarudia tena. Fundi wa Mbeya mjini ameshafungua kabureta mara mbili na kubadili plagi, lakini hali ni ileile. Paipu ya mafuta ilipasuka mwezi wa nne, tukaiunga kwa mpira mweupe, ule unaoonyesha ndani. Sasa ananiambia ninunue kabureta mpya. Nifanye nini?

JIBU: Usinunue kabureta, na usikubali ifunguliwe mara ya tatu. Jibu lako kubwa liko kwenye sentensi uliyoitaja kama ya pembeni: ukikamua pampu ya mkono, mashine inarudi.

Mashine ya farasi 15 ya tu-stroki ikiwa kwenye mwendo wa mwisho hunywa kama lita 6 hadi 8 kwa saa, yaani mililita 100 au zaidi kila dakika. Kikombe cha kabureta ni kidogo mno. Kisipojazwa, kwa mwendo huo kinakauka ndani ya nusu dakika au pungufu. Unapokamua, unakijaza kwa nguvu ya mkono, na mashine inafufuka. Kwa hiyo kabureta ikiletewa mafuta inayatumia sawasawa. Shida ni kwamba hailetewi. Jeti (kitundu cha kabureta kinachopima mafuta) iliyoziba isingesubiri dakika kumi, na wala isingefunguka kwa kukamua. Kitu pekee ndani ya kabureta kinachoweza kusaidiwa na mkono wako ni sindano ya boya (inayofungua na kufunga mafuta yanapoingia kabureta) inayonata, na hiyo fundi ameshaisafisha mara mbili.

Kabla ya kuendelea, jambo moja la haraka: acha kabisa kutembea huku unakamua. Kwenye tu-stroki oili inaingia pamoja na petroli, kwa hiyo mashine inayokosa mafuta inakosa na oili kwa wakati uleule, tena ikiwa kwenye mwendo mkubwa. Pistoni inakwaruzika, na mwisho wake mashine inanoki. Tatizo la paipu la leo linageuka kuwa pistoni na silinda kesho.

Hakikisha kwanza ni njaa ya mafuta, si moto wa plagi. Koili inayochoka ikipata joto huzima mashine ghafla, kana kwamba umeikata kwa swichi. Yako inafifia polepole, na hiyo ni dalili ya mafuta. Ukitaka uhakika zaidi, inapoanza kufifia vuta choki nusu kwa sekunde mbili tatu. Ikipata nguvu, ina njaa. Ikizidi kuzama, tafuta kwingine. Angalia pia kama inakojoa maji ya kupoza vizuri, maana mashine iliyochemka nayo hupungua nguvu.

Sasa kipimo ambacho hakihitaji hata spana moja. Tafuteni maji yaliyotulia, karibu na ufuko, muwe wawili na makasia botini. Mmoja ashike mashine, mwingine akae kwenye tenki. Tembeeni kwa mafuta yote mpaka ianze kufifia, na kabla haijazimika, aliyeko kwenye tenki aishike ile pampu ya mkono bila kuikamua.

Akiikuta imenyonywa, imebonyea na kukunjamana, pampu ya injini ni nzima na inavuta kwa nguvu zake zote, ila kuna kizuizi nyuma: tundu la hewa la tenki, chujio la ndani ya tenki, au paipu kati ya tenki na pampu ya mkono. Akiikuta laini, ina umbo lake, lakini inahitaji mikamuo mingi kabla ya kukaza, na ndani inasikika hewa, basi paipu inanyonya hewa mahali. Akiikuta imejaa mafuta, haijabonyea, na mkamuo mmoja au miwili tu inaifufua mashine, kosa liko mbele, kwenye chujio dogo la injini au pampu ya injini. Kama ni ngumu kama jiwe huku mashine inakufa, mafuta yamefika mpaka mlangoni na hayaingii. Hapo ndipo sindano ya kabureta inaporudi kwenye orodha. Kwa maelezo yako sitarajii hiyo ya mwisho.

Ukimaliza, azima tenki la jirani pamoja na paipu yake nzima, lenye mchanganyiko sahihi wa oili. Awe na mashine ya aina moja na yako, kwa sababu kichwa cha kuunganishia cha Yamaha hakikai kwenye mashine nyingi za makampuni mengine. Rudia mwendo uleule. Ikitembea nusu saa bila kufifia, injini yako haina kosa na hakuna sababu ya kuigusa. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haina cha kufungua.

Tuanze nyuma. Kwenye kifuniko cha tenki kuna skrubu ndogo ya hewa. Inatakiwa ifunguliwe kabla ya kuwasha, na watu husahau, au wanaifungua lakini tundu lenyewe limezibwa na mchanga, vumbi la oili au udongo wa nyigu. Mafuta yakitoka bila hewa kuingia, tenki linajivuta ndani na pampu inashindwa. Kuna alama ya kulitambua kosa hili: tenki likiwa limejaa, mashine inazimika mapema, kwa sababu nafasi ya hewa juu ya mafuta ni ndogo, likiwa nusu, inachukua muda mrefu zaidi. Kipimo chake ni kulegeza kifuniko chote mashine inapoanza kufifia. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na mashine ikarudi bila kukamuliwa, umemaliza. Na kinyume chake kipo: tenki lililofungwa hewa na kuachwa juani linavimba, na ukiliunganisha linasukuma mafuta kupita sindano mpaka mashine inakabwa na mafuta. Lifungue hewa kwanza, ndipo uliunganishe.

Kizuizi cha pili ni chujio lililoko mwisho wa mlija unaoshuka ndani ya tenki. Chomoa mlija wote, uangalie. Uchafu mmoja wa ajabu hapa ni kipande cha nailoni au gamba la muhuri wa dumu. Kinaelea, mvuto ukizidi kinajibandika kwenye chujio, mashine ikizimika kinadondoka. Ukitazama ufukweni huoni kosa. Mwaga tenki lote kwenye chombo safi, umulike ndani.

Sasa huo mpira mweupe. Nikilazimika kutaja mshukiwa mmoja kabla ya kuiona boti, ni huu. Mpira ule umetengenezwa kwa ajili ya kupitisha maji. Petroli inaunyonya kemikali zinazoufanya uwe laini, na kadiri miezi inavyokwenda unakuwa wa njano, unakakamaa na kusinyaa, na pale ulipochomekwa panabaki uwazi mwembamba kuliko unywele. Kabla ya kufika huko, ukiwa bado mlaini, una ubaya mwingine: asubuhi na ubaridi unashika umbo lake, lakini jua la bonde la Kyela likishaupiga, huku pampu inavuta, kuta zake zinakutana na njia inafinyika. Mojawapo ya haya mawili linatosha kabisa kueleza dakika zako kumi.

Usidanganyike kwa sababu hauvuji. Mashine ikitembea, paipu yote kutoka tenki hadi pampu ya injini iko kwenye mvuto, si kwenye msukumo. Tundu lililoko pale linaingiza hewa na halitoi hata tone la petroli. Ndiyo maana mtu anaapa paipu yake ni nzima.

Kata ule wa kuungwa na utupe, usiongeze kiungo juu ya kiungo. Nunua paipu nyeusi ya mafuta, moja isiyo na maungio isipokuwa pale pampu ya mkono inapokaa, yenye urefu wa mita 2 hadi 3. Pima kipenyo cha ndani cha ile iliyokuja na mashine. Kwa ukubwa huu huwa ni milimita 6 au 8. Usishuke chini ya hapo. Paipu ya bodaboda ni nyembamba, na vichujio vidogo vya bodaboda wanavyopenda kuviweka katikati vimetengenezwa kwa injini inayokunywa mafuta kidogo sana. Kwenye mwendo wa polepole vinatosha, ukifungua mafuta yote vinakuwa koo. Kila kiungo kifungwe kwa klipu ya chuma isiyoshika kutu. Vipande vya tyubu ya tairi ambavyo wavuvi wengi hufungia vinalainishwa na petroli, wiki chache baadaye vimelegea.

Mshale ulioko kwenye pampu ya mkono uelekee kwenye mashine. Ndani yake kuna vali mbili za kuzuia mafuta yasirudi. Ikamue mpaka ikaze, mshale ukiwa umeelekea juu, halafu iache. Ikilainika ndani ya dakika moja bila kuwapo uvujaji, vali zimechoka. Badili pampu hiyo nzima, haitengenezwi. Inunue iliyoandikwa kwamba ni ya boti. Zipo zinazouzwa bei rahisi sokoni ambazo ngozi ya ndani inachambuka na kwenda kuziba njia mbele.

Usipitwe na vichwa vya kuunganishia, kile cha kwenye tenki na cha kwenye mashine. Kila kimoja kina oringi ndogo (pete ya mpira). Imepasuka, imekuwa bapa au imekakamaa? Badili. Ni kitu cha bei ndogo sana, na kinaleta dalili zako zilezile. Funga kichwa, kisha ukitikise pembeni mashine ikiwa inatembea. Ikibadilika mlio, umeshampata mwizi.

Ukitaka kuiona hewa kwa macho, hapo ndipo mpira mweupe una kazi yake. Chukua kipande kipya cha sentimita 15, kifunge kwa klipu karibu na mashine, kwa majaribio tu. Viputo vichache mwanzoni ni kawaida. Mkondo wa viputo usioisha ni hewa inayoingia, na utaufuata kiungo kwa kiungo kuelekea kwenye tenki. Mkimaliza kitoeni.

Kuhusu maji. Petroli ya mwambao wenu inapita kwenye madumu, inamiminwa kwenye boti huku mvua au mawimbi yakirusha maji, na tenki linaloachwa nusu usiku kucha hutoa jasho ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini pamoja na tope. Ziwa likitulia hayakusumbui. Ukianza msimu wa upepo wa mwera, boti inatikisika, yanachanganyika na kuvutwa. Mtu akiniambia mashine yake ina shida siku za mawimbi tu, mimi huuliza kuhusu maji kabla ya kitu kingine chochote. Nyonya mafuta ya chini kabisa ya tenki kwa mpira wenye pampu, si kwa mdomo, jaza chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iache nusu saa bila kuigusa. Maji yatajitenga chini kwa mstari unaoonekana. Kumimina kupitia kipande cha fulana kunazuia takataka tu, maji yanapita.

Wengine watakwambia umeuziwa mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huo ulipungua baada ya ushuru wa mafuta ya taa kupandishwa mwaka 2011, na hata ukikutana nao dalili si hizi: mashine inakuwa ngumu kuwaka, inatoa moshi mwingi, inagonga. Ukiwa na wasiwasi, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe kabla hujachanganya oili. Petroli safi inakauka bila kuacha mafuta. Mafuta ya taa yanaacha doa. Ukishachanganya oili, kipimo hicho hakisemi kitu.

Kama tenki la jirani halikubadilisha chochote, sasa fungua kofia ya mashine. Paipu inapoingia injini kuna chujio dogo lenye kikombe kinachoonyesha ndani. Kifungue, angalia vidonge vya maji na unga mweusi. Unga mweusi unatoka kwenye paipu inayochambuka kwa ndani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuibadili yote.

Pampu ya injini ni boksi dogo lililofungwa kwa skrubu ubavuni. Haina umeme wala mkono wa kuisukuma. Inafanya kazi kwa mapigo ya hewa kutoka ndani ya kranki, yanayotikisa utando mwembamba. Utando ukichoka na kulegea, unasukuma mafuta ya kutosha kwa mwendo wa polepole, kwa mwendo wa mwisho hautoshi. Hapo ndipo mkono wako unapoziba pengo. Utando ukipasuka kabisa, petroli inavutwa moja kwa moja kwenye kranki ya silinda ile inayoupa mapigo, na plagi yake inatoka imelowa wakati nyenzake ni kavu. Fungua pampu mezani juu ya kitambaa cheupe, piga picha kila tabaka kabla ya kulitoa, kwa sababu gasketi ikigeuzwa inaziba tundu la mapigo na pampu haifanyi kazi kabisa. Inua utando kwenye mwanga wa jua na uunyooshe taratibu: tundu, ufa, au sehemu iliyokakamaa na kujikunja vinatosha kuukataa. Angalia pia vali ndogo za ndani, ambazo ni vipande bapa. Zilale bapa kabisa, zisiwe zimeinuka ncha. Repea kiti (pakiti ya vipuri vya pampu) ina utando, gasketi na mara nyingi vali. Ni sehemu ndogo sana ya bei ya kabureta. Usikate gasketi kwenye karatasi ya boksi.

Nibaki kidogo kwenye suala la fundi wa Mbeya mjini, si kumlaumu. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko karibu mita 475. Hewa ya ziwani ni nzito kwa zaidi ya asilimia 10. Mashine ikiwashwa kwenye pipa la maji huko juu, inapata hewa nyepesi na mafuta yanaonekana yamezidi, inatoa moshi na sailensi yake (mwendo wa chini kabisa) inayumba. Fundi mwenye bidii ataipunguzia mafuta ili ikae vizuri palepale. Ukiishusha Matema, mafuta aliyoyapunguza ni pungufu kweli. Skrubu ya sailensi inagusa mwendo wa chini tu, kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya kuzimika kwako kwa mafuta yote. Lakini kama alibadili jeti kuu akaweka ndogo, hilo ni hatari kwa pistoni, hata paipu ikiwa mpya. Muulize waziwazi: "Jeti kuu uliirudisha ileile?" Namba imechongwa kwenye jeti yenyewe, ilinganishe na ya kitabu cha mashine. Na muulize kama aliisafisha kwa waya. Waya unapanua tundu, na kipimo hakirudi tena. Ni spreyi ya kabureta na upepo, basi. Marekebisho ya mwisho ya sailensi yafanyike ziwani, mashine ikiwa imepata moto.

Petroli nyingi, boti, na taa za wavuvi wa usipa havikai pamoja. Kazi ya kufungua paipu na pampu ifanyike nchi kavu, mchana, betri ikiwa imeondolewa kama ipo, na hakuna anayevuta sigara karibu. Usijaribu ule ujanja wa kuinua tenki juu ya mashine ili mafuta yashuke yenyewe: sindano ikishindwa kuyazuia, petroli inajaa chini ya kofia.

Ukirudisha kila kitu, mwaga mafuta ya zamani, weka petroli mpya kwenye uwiano unaotajwa na kitabu cha mashine. Kwa uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita, yaani mililita 400 kwa lita 20. Hiyo ni kwa mashine iliyokwisha kuzoea. Mpya au iliyotoka kufumuliwa huwekewa 25 kwa 1, mara mbili ya oili hiyo. Itembeze dakika 20 kwa mafuta yote sambamba na ufuko, bila kugusa pampu ya mkono hata mara moja. Kisha izime ikiwa bado kwenye mwendo uleule, usiipunguze kwanza, ngoja ipoe kidogo, chomoa plagi zote mbili. Kahawia ya chai ya maziwa, umemaliza. Nyeupe zote mbili, mafuta bado hayatoshi: angalia jeti kuu. Moja imelowa nyeusi na nyingine kavu, rudi kwenye utando wa pampu.